Mwenye Damu Hii Si Anas

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Hajar ofisini kwake Khuwair ya Kusini, karatasi moja mkono wa kulia, nyingine mkono wa kushoto, na Omondi amesimama mbele ya meza anakataa kiti. Basi bado yuko hapo hapo. Anazisoma mara ya nne, kana kwamba maandishi yatamwonea huruma yabadilike.

"Madam," alisema Omondi, "mtu mmoja hawezi kuwa na damu mbili."

Ya kulia ilikuwa kadi ya kuchangia damu: Anas bin Ghanim, kundi B. Ya kushoto ilikuwa cheti cha kliniki, cha miezi minne tu nyuma: Anas bin Ghanim, kundi O. Na chini yake ulikuwepo mstari ambao Hajar aliutegemea kuliko yote. Selimundu: hana.

"Wamekosea kliniki," alisema Hajar.

"Labda. Lakini kama hii O si yake, basi hata hiyo 'hana' si yake."

Kwa aliyelikosa gazeti lililopita, habari ni hii. Hajar kazi yake ni kuwapeleka watu milimani. Safari hii ni watu tisa, siku kumi na tisa, katika vijiji vya Dolpo huko Nepal, ambako gari halifiki, hospitali hakuna, na njia inapita juu ya mita elfu tano. Mwaka mzima ameipanga: vibali, nyumbu wa mizigo, nyumba za kulala kijiji kwa kijiji. Kundi kubwa litaondoka Jumamosi ijayo. Watatu wanatangulia leo kwenda kupatana na wenyeji, na anayewaongoza ni Anas, mdogo wake Hajar, ndugu yake wa pekee.

Ndege yao ilikuwa ya saa tisa kasorobo mchana. Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na robo.

"Omondi, niambie ukweli," alisema Hajar. "Kama anayo hiyo selimundu kwenye damu, lakini haimuumizi, kama watu wengi tu hapa mjini. Itamfanya nini?"

Omondi, Mjaluo wa kando ya ziwa, alikuwa amepandisha watu Mlima Kenya miaka kumi na miwili kabla ya kuja Maskati kumfanyia kazi Hajar. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ndiyo maana Hajar aliogopa alipomwona anavuta kiti na kukaa.

"Kwetu huu ugonjwa tunaujua, madam. Kuna anayeumwa, huyo utamjua tangu utotoni. Na kuna anayeubeba bila kujua. Anacheza mpira, anaoa, anazeeka. Huku chini, mafi mushkila, hana taabu yoyote. Lakini mpeleke juu kwenye hewa nyembamba, umchoshe. Nilikuwa na kijana wa kwetu, Fidel, mbeba mizigo. Hajawahi kulazwa hospitali hata siku moja. Saa sita mchana alianza kushika tumbo. Tukamteremsha kwa machela, tukikimbia. Daktari alituambia bandama lilikuwa limekufa ndani yake."

"Akapona?"

"Daktari alikuwa anatuambia tukiwa mochari."

Hajar alichukua simu akampigia Anas. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita mpaka ikakata.

Hapa ni lazima nikuambie jambo ambalo Hajar mwenyewe hakutaka kulifikiria. Ofisi yake ina kanuni moja isiyovunjwa: kila msafiri anatolewa damu mbele ya Omondi, awe tajiri, awe bingwa wa mbio. Wako waliogomba, wako waliosusa safari kwa ajili ya sindano hiyo. Lakini zamu ya Anas ilipofika, Hajar alisema, "Huyu ana cheti chake cha vipimo vya ndoa, kipya kabisa, kiko nyumbani. Huyu wetu." Akakichukua kwenye droo ya mama yake, akakitia kwenye faili. Omondi alinyamaza kwa sababu madam ni madam.

Kliniki iliyotoa cheti kile ilikuwa mtaa wa pili tu. Walikwenda kwa miguu, Hajar mbele, buibui limemsokota miguuni, Omondi nyuma. Mapokezi alikuwepo Ann, Mkenya, anayeimba kwaya moja na Omondi kila Ijumaa. Ann alikitazama cheti, akautazama mlango wa daktari, kisha akashusha sauti.

"Huyu nilimtoa damu mimi mwenyewe. Namkumbuka kwa sababu alitaka kuzimia. Kijana mfupi, mnene kidogo, anaogopa sindano sana."

Mfupi! Anas huinama kila akiingia mlango wa nyumba ya kizamani.

"Alikuja na nani?" aliuliza Hajar.

"Na mama mtu mzima, anaongea Kiswahili kitamu cha Zanzibar. Alikuwa akimwita Yazan. Nikamwambia, mama, hapa pameandikwa Anas. Akacheka. Akasema Yazan ni jina la nyumbani. Nikaandika." Ann alimtazama Omondi, kisha akamtazama Hajar. "Nimekosea, madam? Nyinyi huku si mna majina ya nyumbani?"

Hajar alikichukua cheti akakikunja. Yazan alikuwa mtoto wa ami yake. Na mama mtu mzima mwenye Kiswahili kitamu, anayecheka akiulizwa swali, alimjua vizuri sana. Alinyonya kwake.

*

Kutoka Khuwair mpaka Mabela si mbali kama njia ni nyeupe. Siku hiyo haikuwa nyeupe. Hajar aliendesha peke yake, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unapiga simu ya Anas, na alipofika mlangoni kwao ilikuwa imeshapita saa tano na nusu.

"Anas yuko wapi?" aliuliza kabla ya salamu.

Bi Khole, mama yake, alikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa vileja. Harusi ilikuwa imebaki miezi miwili, lakini Bi Khole alishaanza kujaribu vileja, kwa kuwa vya harusi ya jirani vilikuwa vigumu na yeye hakutaka kusemwa.

"Hata salamu, Hajar? Anas keshatoka. Kenda kwa khalati yako Noof kuwachukua Wael na Aliya, wakitoka huko wanapitiliza uwanja wa ndege. Simu kaiacha inachaji kwenye gari, ndo mambo yake."

Aliya ni mtoto wa Bi Noof, dada yake Bi Khole, na ndiye mchumba wa Anas. Ni muuguzi, na safari hii dawa zote ziko mikononi mwake. Wael ni kaka yake, anakwenda naye ili watu wasipate la kusema.

Hajar aliweka cheti juu ya meza, katikati ya unga.

"Mama, damu hii ya nani?"

"Si pameandikwa?"

"Pameandikwa Anas. Mimi nakuuliza ya nani."

Bi Khole aliendelea kukanda. Alikanda kwa nguvu, unga ambao ulishakandika zamani.

"Mama. Natoka kliniki. Nimemwona aliyemtoa damu Yazan."

Mikono ikasimama. Kisha Bi Khole akavuta kiti akakaa, unga mikononi, uso umemshuka kama mwizi aliyekamatwa dukani.

"Cha kwanza nilikichana," alisema.

"Cha kwanza kipi?"

"Cha Anas mwenyewe. Nilikwenda mimi kukichukua. Kimeandikwa anabeba. Nikauliza, anabeba ndo nini? Wakanambia yeye mzima, hana taabu, lakini akioa naye mwanamke awe mzima, asiwe na kitu damuni. Nikakichana palepale kwenye gari."

"Ukamchukua Yazan."

"N'tafanyaje, Hajar? Posa keshaipokea Noof. Kumbi zimeshaulizwa. N'ende kwa dada'angu nimwambie mwanangu ana doa? Noof yule! Mwanawe Aliya mzima, mzuri, wanamtaka watu chungu nzima. Angeirudisha posa siku ile ile, na kila nyumba ingejua kwa nini. Nani angempa Anas mke tena?"

"Ukamdanganya Noof. Ukamdanganya Anas. Ukanidanganya mimi."

"Wewe sikukudanganya!" Bi Khole alisimama. "Mimi nilifanya karatasi ya ndoa. Ya ndoa tu! Wallahi mambo ya milima yenu siyajui. Nani aliyeichukua kwenye droo yangu akaipeleka ofisini? Mimi?"

Hajar alikiokota cheti kwenye unga. Mama alitengeneza uongo wa kuingilia harusini, na yeye, kwa uvivu wa 'huyu wetu', akaufanya uongo wa kupandia mlimani.

Akamweleza mama yake habari ya Fidel. Hakumpunguzia kitu, mpaka mochari. Alipomaliza, Bi Khole alikuwa ameshavaa buibui, mikono bado ina unga.

"Yallah. Twende."

*

Njiani Bi Khole aliomba jambo moja tu, na aliliomba mara saba.

"Usimwambie kwa nini. Mwambie kibali kimekataliwa. Serikali ya huko haimtaki, khalas. Abaki, ndoa ipite salama, kisha n'tamwambia mwenyewe."

"Na watakapozaa?"

"Mungu mkubwa. Kwanza abaki."

Hajar hakuahidi, lakini hakukataa. Barabarani magari yalisimama mbele yao zaidi ya saa nzima kwa sababu ya ajali ndogo, watu wawili wanabishana katikati ya njia kuhusu taa iliyovunjika, na Hajar aliwapigia honi akilia kwa hasira. Walipoingia maegesho ya uwanja wa ndege ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Goti la Bi Khole halimpeleki mbio. Akabaki garini.

Aliwaona kwa mbali, ukumbi wa abiria wanaoondoka. Wael anasukuma toroli tupu. Aliya kavaa koti jipya la baridi lenye rangi ya zambarau, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, kwa sababu halikuenea begini. Na Anas, mrefu, anacheka. Mizigo imeshapokelewa. Walikuwa wanaelekea kwenye paspoti.

"Anas!"

"Dada! Umekuja kutuaga?"

"Kibali chako kimekataliwa," alisema Hajar, akitweta. "Wewe huendi. Wael na Aliya watangulie, wewe n'takupeleka Jumamosi."

Wael alitoa simu yake, akaitazama, akamtazama Hajar.

"Dada Hajar, kibali hiki hapa. Wewe mwenyewe ulinitumia juzi. Kimegongwa muhuri."

Uongo wa Bi Khole ulikufa hapo hapo, haukutimiza dakika moja. Anas alimtazama usoni, na kile kicheko chake kikaisha. Akamshika mkono akamvuta pembeni, kwenye matoroli.

"Nnajua, dada," alisema.

"Unajua nini?"

"Yazan alikuja kwangu wiki mbili zilizopita. Analia. Hapati usingizi, anasema kashiriki haramu. Nnajua kila kitu."

Hebu fikiria alivyojisikia Hajar. Tangu saa nne anakimbia na siri mkononi, na mwenyewe anayo wiki mbili!

"Na ulikuja ofisini kila siku," alisema, "ukakaa na Omondi, ukapanga njia, ukahesabu mita, ukanyamaza?"

"Ningesema nini?"

"Ungesema huendi!"

"Nitoe sababu gani? Haya, tuseme nabaki leo. Kiongozi wa safari, mzima, mzigo wake uko ndani ya ndege, anarudi nyumbani. Wael yuko pale anatutazama. Magharibi haijaadhiniwa kila mtu atakuwa kashajua kuna kitu kwenye damu yangu. Kesho khalati Noof anairudisha posa."

"Irudi!"

"Rahisi kwako kusema. Si wewe unayemwoa Aliya."

"Na si wewe utakayekwenda kuipokea maiti."

Anas alifumba macho kidogo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na Hajar ndiye aliyemfunza kuvaa viatu.

"Jabal Shams, mlima wetu wa hapa, nimepanda mara nne, dada. Sikuumwa hata kichwa."

"Jabal Shams ukiumwa unatiwa kwenye gari, umefika hospitali. Kule helikopta inangoja mawingu yaondoke. Siku mbili, tatu. Umepanga wewe mwenyewe hiyo ratiba!"

"Ndo maana n'takwenda polepole. Nikirudi mzima, nimepita mita elfu tano watu wote wanaona, hata siku karatasi ikijulikana nani atasema mimi mgonjwa? Mlima utakuwa umenisemea." Akaishusha sauti. "Ukimwambia Aliya, mimi na wewe basi. Naapa, dada. Basi."

Aliya alikuwa anakuja, koti la zambarau mabegani, anatabasamu.

"Dada Hajar, kuna nini? Mbona rangi imekutoka?"

Sentensi moja tu. Aliya, Anas anabeba selimundu, mama kabadilisha damu. Maneno hayo hayajazi hata mdomo. Hajar aliyaweka ulimini. Nyuma ya Aliya alikuwepo Wael, nyuma ya Wael foleni, na kwenye foleni mama wawili wa Mabela aliowajua kwa sura, ambao walishageuka kusikiliza. Alimfikiria mama yake garini, na unga mikononi.

"Hakuna kitu," alisema Hajar. "Nnamwambia avae vizuri."

Mimi ninayekusimulia nimemkasirikia Hajar kwa hili kuliko kwa jambo lolote alilolifanya tangu tuanze hadithi hii. Mwanamke aliyewaambia wakubwa wa nchi usoni, bila sindano huendi! Leo kashindwa na macho ya majirani wawili.

Akamkumbatia Aliya kwa nguvu. "Nnakutegemea wewe huko," alimnong'oneza.

"Usiwe na wasiwasi," alisema Aliya.

Wakapita. Anas hakugeuka nyuma. Aliya ndiye aliyegeuka akapunga mkono.

*

"Yuko wapi?" aliuliza Bi Khole.

"Kaenda."

"Hukumwambia kibali?"

"Anajua, mama. Anajua kila kitu. Yazan alimwambia. Anakwenda kwa kusudi, kwa ajili ya posa yako. Akibaki, watu watauliza kwa nini."

Hajar alitegemea kilio, au dua, au lawama. Hakupata hata kimoja. Mama yake aliufungua mkoba, akatoa simu, akaiweka sauti ya nje kwa sababu sikio lake moja halisikii vizuri, na vidole vyake vikaacha unga kwenye kioo.

"Unampigia nani?"

"Ndege inaondoka saa ngapi?"

"Tisa kasorobo. Sasa nane na nusu."

"Basi upo wakati. Kama anakwenda kwa ajili ya posa, posa haipo. Atashuka."

Nampa Bi Khole haki yake. Alichokificha miezi minne, kwa hila na kwa kicheko, alikitoa kwa pumzi moja.

"Noof, nisikilize, usinikate. Nimekudanganya. Damu ya Anas si safi, ana selimundu, anabeba. Nilimpima mtoto wa shemeji yangu, nikaandikisha jina la mwanangu. Posa naivunja mimi, leo, sasa hivi. Mpigie Aliya, mwambie amwambie Anas ashuke. Nitangaze popote utakapo. Ashuke tu."

Hajar aliusikia mlio wa televisheni nyumbani kwa khalati yake, mtu anasoma habari kwa Kiarabu.

"Noof? Unanisikia?"

"Nakusikia." Sauti ya Bi Noof ilikuwa ndogo. "Khole, usivunje kitu."

"Vipi nisivunje? Hukunifahamu? Nimekwambia Anas..."

"Nimekufahamu. Na mimi nimekudanganya."

Hajar alichukua simu mikononi mwa mama yake. "Khalati, umedanganya nini?"

"Aliya."

"Anabeba na yeye?"

Bi Noof alianza kulia. Alilia vibaya, kwa pumzi za kukatika, na maneno yalitoka moja moja.

"Habebi, mwanangu. Anaumwa. Ule wenyewe, ila wa kwake si mkali. Anameza dawa tangu ana miaka saba. Tulimficha. Hata Wael hajui, anadhani vitamini. Khole, zile safari zangu za Bangkok, nilizosema za jicho langu, zilikuwa za Aliya."

Bi Khole alishika kifua. Dada wawili walionyonya ziwa moja, kila mmoja kalala na hofu yake miaka, kila mmoja anamwogopa mwenziwe!

Lakini Hajar hakuwa anafikiria dada wawili. Alikuwa anafikiria faili. Cheti cha Aliya kilikuwa safi, kimetoka kwa rafiki yake kazini, na Hajar hakukitazama mara mbili. Nani humtoa damu muuguzi, tena mtoto wa khalati? Tangu asubuhi alipigana amtoe Anas, ambaye labda angepona, labda asipone. Na yule ambaye mlima ungemuua kwa hakika alimkumbatia, akamwambia nnakutegemea, akampungia mkono.

"Khalati, kwa nini ulimwacha aende?"

"Sikumwacha! Nilimkatalia, akaniapia. Kaapa hapandi. Anasema atabaki chini, kijiji cha kwanza, na sanduku la dawa, awangoje warudi. Chini si hakuna taabu, Hajar? Yeye muuguzi, anajua. Si kweli?"

Hajar aliipanga safari ile kwa mikono yake, kila kituo. Huko chini anakokusema Bi Noof hakupo. Uwanja wenyewe wa kushukia, ule wa ndege ndogo, uko mita elfu mbili na mia nne, na kuanzia hapo njia inapanda.

"Khalati, subiri hapo hapo, usikate."

Alichukua simu yake akampigia Anas. Imezimwa. Akampigia Aliya. Imezimwa. Akampigia Wael, ikaita mara moja, mara mbili, kisha sauti ya mashine ikamwambia mteja hapatikani. Akafungua mlango wa gari akakimbia, simu mbili mikononi, mpaka kaunta ya kwanza aliyoikuta wazi.

"Kuna abiria mgonjwa kwenye ndege ya Kathmandu. Mshusheni! Nakuombeni mmshushe!"

Msichana wa kaunta aliuliza jina, akaandika la Aliya, akainua simu, akaongea, akangoja. Akaweka simu chini taratibu.

"Milango imeshafungwa, ndege inasogea. Wamemuuliza abiria mwenyewe."

"Wamemuuliza? Kasema nini?"

"Kasema yeye mzima. Kasema yeye ni muuguzi, na hamjui mtu anayesema anaumwa."

Wakati huo huo simu ya Hajar ikatikisika. Ujumbe wa Anas, uliokuwa umekwama hewani dakika kadhaa, ndiyo kwanza unaingia.

*Dada, nisamehe. Sikuweza kukaa kando yake na siri. Nimemwambia Aliya yote. Kalia, kisha kacheka, kanambia na yeye anabeba vile vile kama mimi, mzima, hana taabu yoyote. Alikuwa akiniogopa mimi! Kwa hiyo sasa hatufichani kitu. Alitaka kubaki kijiji cha chini, sasa kasema habaki tena. Tunapanda wote, bega kwa bega, mpaka juu kabisa. Nazima simu.*

Hajar aliusoma amesimama katikati ya ukumbi, watu wanampita na mabegi yao. Katika mkono mwingine, simu ya mama yake ilikuwa bado wazi, na ndani yake Bi Noof alikuwa bado anangoja.

"Hajar, mwanangu, umempata? Kasemaje? Si kakwambia atabaki chini?"